Jino Halitoboki kwa Usiku Mmoja

Hebu vuta picha. Ni saa nane ya usiku na bweni zima limelala. Kesho asubuhi mna mtihani wa Hisabati. Wewe peke yako ndiye uliye macho, umekaa kitandani umeshika shavu. Gego la chini, upande wa kushoto, linapwita kama ngoma. Ukilala maumivu yanazidi, ukikaa yanapungua kidogo. Mwenzako wa kitanda cha juu ameshakupa Panadol mbili na hazijasaidia kitu. Mwingine amekwambia usukutue kwa maji ya chumvi. Wa tatu, yule "daktari" wa bweni, anakushauri ufungue kapsuli ya rangi mbili umwage unga wake kwenye tundu.

Asubuhi unaingia kwenye mtihani macho mekundu, shavu limevimba. Maswali uliyoyafanya vizuri wiki nzima leo huyaoni. Siku mbili baadaye unapewa ruhusa ya kwenda hospitali. Unarudi na pamba mdomoni, pamoja na pengo ambalo utakuwa nalo mpaka uzeeni.

Kama hayo hayajakukuta, basi bila shaka unamjua yaliyemkuta. Sasa muulize mtu huyo: "Jino lilianza lini?" Atakujibu: "Juzi usiku." Hapo ndipo wengi tunapokosea. Juzi usiku ndipo jino lilipoanza kuuma. Kuoza lilianza zamani, pengine mwaka mzima au miwili kabla, wakati mwenye jino anacheka na kutafuna miwa bila wasiwasi wowote. Katika muda wote huo lingeweza kuokolewa, tena kwa gharama ndogo.

Makala hii inahusu muda huo. Ukiuelewa, huenda usije ukakesha umeshika shavu.

MDUDU GANI HUYO?

Wazee husema "jino limeliwa na mdudu". Usiwacheke. Watu wa mataifa mengi waliamini hivyo kwa maelfu ya miaka, na maandishi ya kale ya Babeli yanamtaja mdudu huyo wa jino. Ilipofika mwaka 1728, daktari wa meno wa Ufaransa, Pierre Fauchard, aliandika kwamba alitafuta mdudu huyo asimwone. Mwaka 1890, Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya utafiti Berlin, alieleza kinachotokea hasa: vijidudu vya kinywani hula sukari na wanga, kisha hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha jino.

Kwa hiyo wadudu wapo kweli, ila ni bakteria, wadogo kiasi kwamba huwezi kuwaona bila hadubini. Mmoja anayejulikana sana ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Bakteria hawa hawatokani na uchawi wala kurogwa. Sote tunao. Wanakaa kwenye ule utando laini unaouhisi ukipitisha ulimi juu ya meno asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Utando huo ndio ukoga. Ukiukwangua kwa kucha utaona kitu cheupe au cha manjano kama uji mzito.

Sasa fuatilia hesabu yenyewe, ni rahisi kukumbuka:

Bakteria + sukari = asidi.
Asidi + jino + muda = tundu.

Ondoa kimoja tu katika hivyo, na tundu halipatikani. Jino huwezi kuliondoa. Bakteria wote huwezi kuwamaliza, lakini unaweza kuwapunguza kwa mswaki. Sukari unaweza kuipangia wakati. Na muda uko mikononi mwako.

VITA VYA KILA SIKU

Tabaka la nje la jino huitwa enameli. Ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wako, kigumu hata kuliko mfupa. Lakini enameli ina udhaifu mmoja: haina uhai ndani yake. Ukijikata na jembe shambani, ngozi itajiunga yenyewe. Enameli ikishatoboka, haijiungi tena.

Katika somo la Kemia umejifunza kipimo cha pH. Mate yako kwa kawaida yako karibu na 7, yaani si asidi wala si besi. Miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani, Robert Stephan, alipima ukoga wa watu baada ya kuwapa sukari wasukutue. Aliona kwamba ndani ya dakika chache pH inashuka kwa kasi. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya enameli yanaanza kuyeyuka. Baadaye mate hufanya kazi yake: huosha, hupunguza makali ya asidi, na kurudisha madini yaliyotoka. Lakini kazi hiyo haiishi haraka. Huchukua karibu nusu saa mpaka saa nzima.

Maana yake ni kwamba kila unapotia kitu kitamu kinywani, meno yako yanapigwa kwa nusu saa au zaidi, kisha yanapumzika na kujijenga. Ukiyapa nafasi ya kutosha, yanashinda. Yakipigwa tena kabla hayajapona, yanashindwa. Kidogo leo, kidogo kesho, hadi siku tundu linafunguka.

Hivyo basi, jambo kubwa ni sukari inagusa meno yako MARA NGAPI kwa siku. Kiasi nacho kina uzito wake, lakini mara ngapi ndilo swali la kwanza.

HESABU SIKU YAKO

Chukua kalamu. Tuangalie siku ya kawaida ya mwanafunzi, awe anasoma Korogwe mjini, Mombo, Kabuku au Mkata:

Saa moja asubuhi: chai yenye sukari ya kutosha, na kiazi au andazi. (1)
Saa nne, mapumziko: barafu ya kifuko yenye rangi nyekundu. (2)
Saa sita, mwalimu hayupo: pipi mbili, moja baada ya nyingine. (3)
Saa nane: ugali na maharage. Hapa pana wanga, lakini hapana sukari ya kunata, basi tusiihesabu.
Saa kumi, kiwanjani: kipande cha mua, au ubuyu wa rangi. (4)
Saa kumi na mbili: soda ya baridi, maana leo umepata mgeni. (5)
Saa mbili usiku, kujisomea: biskuti. (6)
Saa nne usiku, kabla ya kulala: kijiko cha glukosi au sukari kutoka kwenye tranka, ati "ya kuongeza akili". (7)

Mara saba. Hata tukikadiria nusu saa tu kwa kila mara, meno yako yameshinda saa tatu na nusu kwenye asidi. Na ile ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Ukilala mate hupungua sana, kwa hiyo asidi inabaki kinywani bila wa kuiondoa mpaka alfajiri.

Sasa chukua sukari ile ile uile mara tatu tu, pamoja na chakula. Meno yatapigwa mara tatu, na katikati yatapata saa nyingi za kujijenga. Hukunyimwa kitu. Umebadilisha ratiba tu.

Jambo hili lilijaribiwa zamani, tena kwa namna ya kusikitisha. Miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm, mji wa Lund nchini Sweden, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walipewa sukari kwa njia mbalimbali ili ionekane meno yao yataharibika vipi. Hawakuombwa ridhaa, na wengi waliharibikiwa vibaya. Leo jaribio la namna hiyo haliruhusiwi, na ni haki lisiruhusiwe. Lakini matokeo yake hayakusahaulika: waliokula sukari wakati wa mlo waliharibikiwa kidogo, na waliopewa peremende za kunata kati ya mlo na mlo waliharibikiwa sana. Mpaka leo familia nyingi za Sweden huwapa watoto peremende siku moja tu kwa wiki, Jumamosi. Sisi tunaweza kusema: siku ya gulio. Kula pipi zako siku hiyo, ufurahi, ukitoka hapo upige mswaki.

Na soda je? Chupa ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi au zaidi, karibu vijiko vidogo tisa. Hebu jiulize: ungetia vijiko tisa kwenye kikombe kimoja cha chai ukakinywa?

Machungwa, maembe na mafenesi ni chakula kizuri, kula. Ila ukishakula kitu kichachu kama chungwa, ndimu au ukwaju, usikimbilie mswaki papo hapo. Enameli imelainika kidogo. Kunywa maji, subiri nusu saa, ndipo upige mswaki. Na mua, asikwambie mtu kwamba unasafisha meno. Nyuzi zake zinasugua kweli, lakini maji yake ni sukari.

JINO LINAOZA KWA HATUA NNE

Hatua ya kwanza ni doa jeupe, kama vumbi la chaki, mara nyingi karibu na fizi. Madini yameanza kutoka lakini tundu bado. Haliumi. Hatua hii INARUDI NYUMA. Ukipiga mswaki vizuri kwa dawa ya meno yenye madini ya floraidi na kupunguza vitu vitamu, madini hurudi na jino hupona bila kuguswa na mtu.

Hatua ya pili ni tundu dogo kwenye enameli, la rangi ya kahawia au jeusi. Mara nyingi huwa kwenye mifereji ya magego, pale mswaki unapofika kwa shida. Bado haliumi, au linaumwa kidogo na kitu cha baridi. Hapa jino linahitaji kuzibwa, na ni kazi ya muda mfupi.

Hatua ya tatu, uozo umefika tabaka la ndani linaloitwa dentini, ambalo ni laini zaidi. Sasa unaenda mbio. Maji ya baridi, chai ya moto na kitu kitamu vinakushtua, kisha maumivu yanaondoka. Bado jino linaweza kuzibwa. Usidanganyike kwamba "limepona lenyewe".

Hatua ya nne, uozo umefika kwenye kiini, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Hapo ndipo saa nane ya usiku inapokukuta. Tiba ni kusafisha mzizi na kuziba, kazi ya gharama na isiyopatikana kila mahali, au kung'oa.

Umeona? Katika hatua nne, tatu zinapita karibu kimya. Kwa hiyo anayesubiri maumivu ndipo aende hospitali anafika wakati ambao mara nyingi kilichobaki ni kung'oa. Ndiyo maana watu wengi husema "ukienda kwa daktari wa meno lazima ung'olewe". Si ukali wa daktari. Ni sisi tunaochelewa.

Halafu kuna gego moja ninalotaka ulijue. Linaota ukiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, wala hakuna jino linalong'oka kulipisha. Wazazi wengi hudhani ni jino la utoto, litang'oka tu. Halitang'oka! Ni la kudumu. Ukifika sekondari limeshakaa kinywani miaka saba au nane, na mara nyingi ndilo la kwanza kuoza. Mwambie mama, naye amwangalie mdogo wako.

NUSU KIKOMBE CHA MAJI KINATOSHA

Ukizungumza na wanafunzi wa Handeni kuhusu mswaki, jibu la haraka ni: "Maji yako wapi?" Hilo si jibu la utani. Handeni ni nchi kavu. Kwa miaka mingi mji wake umetegemea maji yanayovutwa na mradi wa HTM kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, na bomba likikatika watu hurudi kwenye malambo na ndoo. Mwanafunzi mwenye lita chache za kuoga na kufua, akianza kubana matumizi, mswaki ndio wa kwanza kuachwa.

Lakini sikiliza habari njema: mswaki ni kazi isiyotaka maji mengi. Tena ukitumia maji kidogo ni bora zaidi! Fanya hivi:

1. Tia nusu kikombe cha maji safi. Lowanisha mswaki. Uwe laini, si ule mgumu unaokwangua fizi.

2. Weka dawa ya meno kiasi cha punje ya mbaazi. Usijaze mswaki mzima kama kwenye matangazo. Punje moja asubuhi na moja usiku ni karibu nusu gramu kwa siku, kwa hiyo dawa ya gramu 70 itakaa zaidi ya miezi minne. Jina la kampuni si muhimu sana. Angalia boksi kama limeandikwa "fluoride". Madini hayo husaidia enameli kujijenga na kuistahimili asidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

3. Laza mswaki kidogo kuelekea pale jino linapokutana na fizi. Sugua taratibu, hatua fupi fupi, upande wa nje, kisha wa ndani, kisha sehemu ya kutafunia. Magego ya mwisho yasisahauliwe. Malizia na ulimi, maana harufu mbaya nyingi huanzia huko. Kazi nzima ichukue dakika mbili. Dakika mbili ni nyingi kuliko unavyofikiri, ziangalie kwenye saa.

4. Tema povu lote. USISUKUTUE. Ndiyo, umesoma sawasawa. Ukisukutua kwa maji mengi unaiondoa floraidi kabla haijafanya kazi. Tema, futa midomo, basi.

5. Maji yaliyobaki tumia kuoshea mswaki. Kisha usimamishe ukauke, usiufungie kwenye mfuko wa nailoni ukiwa umelowa.

Fanya hivyo mara mbili kwa siku. Kama utaweza mara moja tu, basi iwe usiku kabla ya kulala, na baada ya hapo usile wala kunywa kitu isipokuwa maji. Badilisha mswaki kila baada ya miezi mitatu, au nyuzi zikishapinda. Na mswaki hauazimwi, hata kama mnapendana vipi. Fizi zinaweza kutoka damu, na kwa damu unaweza kuambukizwa magonjwa kama homa ya ini aina ya B.

HUNA MSWAKI WA DUKANI?

Tumia mswaki wa mti. Watu wa pwani na bara wamesafisha meno kwa vijiti tangu enzi, na hakuna cha kuona aibu. Chagua kijiti kibichi cha mti unaojulikana kuwa salama, kitafune ncha mpaka kiwe na nyuzi laini, kisha sugua jino moja moja. Ugumu wake ni kufika nyuma ya magego na upande wa ndani, kwa hiyo fanya kwa subira. Ukiwa na dawa ya meno, chovya humo. Kijiti kikichakaa, kata ncha uanze upya.

Usitumie mchanga, kifuu kilichosagwa, majivu wala mkaa. Meno yatang'aa kwa siku chache kwa sababu unayapiga msasa. Enameli ikishaisha, hakuna duka inapouzwa.

TIBA ILIYOANZIA TANZANIA

Wanafunzi wengi wakisikia "kuziba jino" wanawaza mashine inayolia na umeme unaokatika. Basi jua jambo hili. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianzisha hapa Tanzania njia ya kuziba meno bila mashine na bila umeme. Uozo laini hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu hujazwa saruji maalumu ya meno inayoshika yenyewe. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hiyo inaitwa kwa kifupi ART. Baadaye ilifanyiwa utafiti Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, katika Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa dunia nzima. Leo inatumika katika nchi nyingi.

Kitu kilichoanzia kwetu, kwa ajili ya mazingira kama yetu, kisiwe kigeni kwetu. Lakini kina sharti moja: ufike mapema, kabla uozo haujagusa kiini. Hospitali za wilaya huwa na kitengo cha meno. Aliye Korogwe aulize Hospitali ya Magunga, aliye Handeni aulize hospitali ya wilaya, na kwa matatizo makubwa kuna Hospitali ya Bombo mjini Tanga. Kabla hujapanda basi, uliza siku za huduma ya meno na kama kuziba kunapatikana. Ukifika, sema wazi: "Nimeona tundu, sitaki kung'oa kama linaweza kuzibwa." Hiyo ni haki yako, na wala si utovu wa adabu.

LIKISHAUMA UFANYE NINI?

Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Toa mabaki ya chakula. Meza dawa ya maumivu kwa kipimo kilichoandikwa, usizidishe. Tone la mafuta ya karafuu kwenye pamba linaweza kutuliza kwa muda. Kisha nenda hospitali kunapokucha, hata kama maumivu yamekwisha. Maumivu yakikoma ghafla, pengine ni kwa sababu kiini kimekufa, na usaha unajikusanya chini kwa chini.

Usitie kwenye jino maji ya betri, petroli, tumbaku wala asprini iliyosagwa. Utaunguza fizi na shavu, na jino litaendelea kuoza. Ule unga wa kapsuli ya rangi mbili nao hauzibi tundu, unawafundisha bakteria kuizoea dawa.

ANGALIA SANA: uvimbe ukipanda kuelekea jichoni au ukishuka shingoni, ukiwa na homa, ukishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, hiyo ni dharura. Mwambie mwalimu wa zamu au mzazi SAA HIYO HIYO. Jipu la jino linaweza kuua. Usivumilie ili uonekane jasiri.

MASWALI TUNAYOULIZWA SANA

Nikipiga mswaki fizi zinatoka damu. Niache?
Usiache. Damu ni dalili kwamba ukoga umekaa muda mrefu karibu na fizi. Piga mswaki laini mahali hapo kila siku, na mara nyingi damu hukoma baada ya wiki moja au mbili. Isipokoma, nenda ukaangaliwe. Ukoga uliokwisha kugeuka mgumu kama chokaa hautoki kwa mswaki, unaondolewa hospitali.

Rafiki yangu ametoka Arusha na meno yake ni ya kahawia. Hapigi mswaki?
Usimhukumu. Sehemu kadhaa za Arusha na kuzunguka Mlima Meru maji yana floraidi nyingi kupita kiasi. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yanajijenga ndani ya taya, yanatoka na madoa, na mswaki hauyaondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi kwenye maji isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Dawa ya meno ni jambo jingine, maana unaitema.

Kung'oa jino la juu kunaharibu macho?
Hapana. Mishipa inayoliwezesha jicho kuona ni mingine kabisa. Ni afadhali kung'oa jino lililokwisha kufa kuliko kuacha usaha ndani.

Mdogo wangu mchanga anaharisha, na jirani anasema ana "meno ya nailoni" yang'olewe.
Mkatalie kwa heshima. Imani hii ya meno ya nailoni, au meno ya plastiki, imeripotiwa Tanzania tangu miaka ya 1980. Kinachoonekana kwenye fizi ya mtoto ni meno yake halisi ambayo bado hayajatoka. Kuyachokoa kwa msumari au spoku ya baiskeli kunaweza kumpa mtoto pepopunda, kumtoa damu nyingi, hata kumuua, na jino la kudumu linaweza kuharibika. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi, kuendelea kunyonya, na kufikishwa kituo cha afya haraka.

KAZI YA LEO JIONI

Mpenzi msomaji, kabla jua halijazama, chukua kioo, simama mlangoni penye mwanga, ufungue kinywa wazi. Angalia magego, moja moja, juu na chini. Huna kioo? Mwombe mwenzako akuangalie, nawe umwangalie. Mnatafuta vitu vitatu: doa jeupe kama chaki, mfereji mweusi, au tundu.

Ukikuta doa jeupe, anza leo usiku na nusu kikombe chako cha maji. Ukikuta weusi au tundu, usingoje likizo wala usingoje liume. Mwambie mzazi au mlezi sasa hivi, mpange siku ya kwenda.

Na kama hukukuta kitu, hongera sana! Una meno 28, na ya mwisho yakiota yatafika 32. Hayo ndiyo utakayoyatumia kutafunia, kuchekea na kuhutubia kwa miaka mingine hamsini au zaidi. Duka la kununua mengine kama hayo halipo Korogwe, Handeni, wala Ulaya.